Msimu wa Sare, Mke Mwenzangu Aliporudi

Novemba 3, Jumatatu

Nesi wa kliniki ya vichwa ameniambia niandike. Nikamwambia, mwanangu, mimi shule niliiona kwa nje, nikipeleka sare. Akasema, lakini herufi si unazijua? Ninazijua. Nimetarizi majina ya watoto wa watu kwenye mifuko ya mashati tangu nilipokuwa na mwanangu mgongoni, na jina ukilitia sindano kila mwaka utalijua tu, hata kama hukualikwa darasani. Tofauti ni kwamba uzi ukikosea unafumua. Kalamu ikikosea imekosea.

Anataka niandike kama amekula, kama amelala, na kama ile kiu ya vidonge imemshika. Ikimshika, niandike alikuwa wapi, anaona nini, ananusa nini, nani yuko karibu. Nikauliza, kunusa kunahusu nini na vidonge? "Andika tu, Bibi," akasema. "Tutazungumza."

Anayeandikwa ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu. Ninamwita mke mwenzangu tangu akiwa anatambaa, maana babu yake alitangaza atamwoa, na mimi nikasema karibu sana, aje ashike ufagio. Mume alishatangulia, wake tumebaki tunagombana. Huyu mjukuu ni fundi cherehani. Akikata kola, kola inasimama yenyewe kama imepigwa pasi na malaika. Na ni yeye huyohuyo aliyekuwa akimeza vidonge vya kufukuza usingizi kila msimu wa sare, mimi nisijue, nikidhani Mungu amenipa mtu asiyechoka. Akawa mifupa inayotembea. Mwishowe alimwinulia mteja mkasi. Wakampeleka kwenye nyumba ya matibabu, akakaa huko embe zikaisha sokoni mpaka zikaanza tena.

Kesho anarudi. Nimemwandalia. Cherehani nimeitia mafuta mpaka inanong'ona. Kiti kilekile, kimegeukia dirisha lilelile, redio juu ya rafu ileile. Nataka akiingia aone kama hakuwahi kuondoka.

Novemba 4

Amerudi na mvua. Mashavu yamejaa. Nilimkumbatia mlangoni mpaka akasema, "Bibi, niache basi nivute pumzi. Mume wetu hajambo?"

"Anakusalimia kutoka alipolala. Anasema umechelewa kupika."

Akatabasamu kidogo, upande mmoja. Halafu akaingia, akaona kiti, cherehani, redio. Akasimama katikati ya chumba kama mgeni aliyesahau alichotumwa.

Jioni nikamletea chai ya tangawizi, kama zamani. Nikakigonga kisahani kwenye meza ya cherehani na kumwambia maneno yetu: "Haya mke mwenzangu, tuivishe dunia!" Akainuka ghafla, akaenda kunawa uso. Alikaa huko bombani muda mrefu, mvua inamnyeshea. Nikadhani analia kwa furaha. Nikamwacha.

Mama yake alipiga simu. Huyu ndiye mkwe wangu, aliyeolewa tena udongo wa kaburi la mwanangu haujashika nyasi, akaenda kufuga kuku mbali huko na mume mpya. Akasema, "Mama, mlete huku kwanza apumzike. Huku hakuna kelele za kazi." Nikamwambia huku kwetu kuna damu yake, na kuku hawajui kulea.

Novemba 5

Amekula. Amelala. Mvua.

Novemba 6

Kiu imemshika. Alikuwa kwenye cherehani, anashona pindo la sketi. Mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka kama anayekimbizwa, na baridi ilikuwepo. Akasema, "Bibi, nifungie mlango, usinifungulie hata nikikutukana." Nikamfungia chumbani. Alinitukana. Alikuwa na matusi mazuri, mengine nilimfundisha mwenyewe. Sikufungua.

Kunusa: mafuta ya mashine, kitambaa kipya. Nani karibu: mimi.

Novemba 8

Oda ya shule kubwa imeingia, ile ya sketi za kijani. Muuza nyuzi ameleta mabunda. Tunamwita Tabasamu, maana hata ukimwambia umefiwa meno yake yako nje. Mtu mwema. Alimsalimia mke mwenzangu kwa adabu, akamuuliza afya. Yeye akageuka ukutani mpaka jamaa akaondoka. Nikamwambia, hata kama umeumwa, salamu ni salamu.

Novemba 9

Amekula kidogo.

Novemba 10

Kiu. Cherehani tena.

Novemba 11

Kiu. Cherehani. Nimeanza kuichukia kalamu hii.

Novemba 13, Alhamisi

Kliniki. Nesi ni binti mdogo, ana viatu vya mpira na sauti ya mwalimu. Alisoma karatasi zangu zote bila kucheka mwandiko. Kisha akaniambia, mjukuu amekaa pembeni yangu:

"Bibi, ubongo una vitu tunaviita vipokezi. Kazi yake ni kupokea ujumbe. Mtu akila chakula kizuri, akibeba mtoto, akisifiwa kazi yake, kuna maji fulani kichwani yanamwagika kidogo, vipokezi vinayapokea, mtu anajisikia vizuri. Vidonge vile vinamwaga ndoo nzima. Tena na tena. Kichwa kikiona mafuriko kila siku, kinapunguza vipokezi. Ndiyo maana sasa hivi chakula hakimnogei wala kicheko hakimtoki."

"Vitaota tena?"

"Vingi vinarudi, polepole. Lakini kuna jambo jingine. Kichwa kilijifunza pia dalili zinazokuja kabla ya kidonge. Chumba, harufu, sauti. Hilo hakilisahau upesi. Akikutana nazo, maji yanaanza kumwagika kabla hajameza chochote. Yeye hachagui."

Nikamwambia, "Kwa hiyo unasema cherehani inamwita."

"Ninasema iondoe."

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia cherehani ni mkono wa huyu mtoto, na mtu hakatwi mkono kwa sababu kidole kimeuma. Mke mwenzangu ndiye aliyesema, taratibu, anaangalia sakafu, "Iondoe, Bibi."

Novemba 14

Nimempa cherehani fundi wa kona. Atashona yeye, sisi tutabaki na kazi ya mkono hapa nyumbani: vifungo, mapindo, majina. Wabebaji walipoinua mashine, zilibaki alama nne za miguu kwenye saruji. Nikaweka mkeka juu.

Redio nayo nimeipeleka. Nyumba imekuwa kimya, nasikia mpaka mbu akifikiri.

Novemba 15

Amekula. Amelala. Ameshona vifungo vya mashati ishirini bila kunyanyua kichwa. Nesi anajua kitu, tumpe haki yake.

Novemba 16, 17, 18

Amekula, amelala. Anakula kama anayelipa kodi. Namtania, hacheki. Nilimwambia mume wetu amenijia ndotoni akalalamika kuwa mke mdogo hana stori. Akasema, "Mwambie nakuja." Sikulipenda jibu hilo.

Novemba 20

Kiu. Na cherehani haipo! Tulikuwa kibarazani, jioni, mvua imepumzika, sketi zimetuzunguka. Chai ndiyo kwanza nimeileta. Mara kikombe kikaanza kugongagonga kisahani mkononi mwake kama meno ya mtu mwenye homa. Akakiweka chini, akaondoka mbio kwenda chumbani, akajifungia.

Nilitazama huku na huku, ni nini amekiona. Nikamwona Tabasamu anapita ng'ambo ya barabara na begi lake la nyuzi.

Ndipo nikaelewa yule mtu anauza nini.

Novemba 21

Nimeamka na hasira zangu, nikazioga, nikazivaa. Nikamngoja Tabasamu kwenye duka la vifungo. Alipofika nikamwomba kiberiti, nikasema jiko langu limezima. Akanipa kimoja, nikasema si hicho, nataka hicho kingine ulichokikalia, kile chenye vidonge. Meno yakarudi ndani kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikampa vidonge vyake, na sisemi vya kiberiti. Nilimwambia mbele ya watu kila nilichokuwa nacho, na nilikuwa nacho kingi. Akasema, "Bibi, mimi simlazimishi mtu. Madereva wananunua, walinzi wananunua. Mjukuu wako alikuja mwenyewe, alikuwa na kazi nyingi."

"Alikuwa na kazi nyingi na wewe ukampa mashine ya kujichimbia kaburi!"

"Nani alikuwa anampa hiyo kazi, Bibi?"

Nilimpiga na futi ya mbao. Mgongoni, kwenye mapaja, popote palipojitokeza. Alikimbia kiatu kimoja kikabaki. Mke wa mwenye duka alikishika kile kiatu akakitupa kwenye mfereji wa mvua, kikaenda zake.

Nimerudi nyumbani nimechoka lakini moyo mwepesi. Nikamwambia mke mwenzangu, "Hapiti tena mtaa huu." Akasema, "Asante, Bibi." Lakini aliniangalia kama mtu anayetaka kuongeza neno na kuogopa kuvunja chombo.

Novemba 24

Amekula. Amelala.

Novemba 26

Mama yake amepiga. Anataka kuongea naye. Nilisema amelala. Hakuwa amelala.

Novemba 28

Kiu. Jioni. Kibarazani. Hakuna cherehani, hakuna Tabasamu, hata paka hakupita. Nani karibu: mimi tu.

Desemba 1, Jumatatu

Kiu. Jioni.

Desemba 2

Mvua haikatiki. Sketi hazikauki baada ya pasi, chumba kizima kinanuka sufu mbichi kama kondoo aliyeloa. Mke mwenzangu anatarizi majina. Leo alikuta jina refu, akaniambia, "Huyu mtoto wazazi wake walimpa jina la ukoo mzima, mfuko hautoshi." Nikacheka mpaka nikakohoa. Yeye akatabasamu pande zote mbili. Nimeandika hilo nesi alione.

Desemba 6

Siku nzuri. Amekula akaongeza.

Desemba 9, Jumanne. Naandika tarehe 10, mikono imetulia

Siku ile asubuhi alikuwa mzuri. Sketi za shule ya kijani zote zilikuwa zimekamilika, zimekunjwa, zimefika kwenye dari, kesho yake wanakuja kuzichukua. Nilifurahi. Nikasema mtoto huyu amepona, mambo ya vipokezi ni ya vitabuni. Nikatengeneza chai nzito, tangawizi sikuionea huruma, nikaichukulia kikombe cha wageni. Nikakigonga kisahani mezani na kumwambia kwa sauti yote niliyo nayo, "Haya mke mwenzangu, tuivishe dunia!"

Akasema, "Asante, Bibi." Akainywa yote. Nikatoka kupeleka mabaki ya vifungo kwa fundi wa kona.

Huko tulikaa, mvua ikatushika. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya kijani. Mkasi mdogo wa kufumulia mkononi. Alikuwa anafumua sketi. Si moja. Zote. Kila mshono, kila pindo, kila jina. Vidole vinakwenda kasi kuliko mashine yoyote niliyowahi kuiona, na mdomo nao unakwenda: "Kuna kitu kwenye mishono, Bibi, kimeshonewa ndani, kinapumua, nisikilize, watoto watavaa hiki kitu, usikanyage hapo, nimekaribia kukipata." Macho yamemtoka pima. Nyuzi zimemzunguka mpaka kiunoni kama mtu aliyekaa ndani ya kiota. Vidole vinatoka damu, hana habari.

Nikapiga magoti nikamshika kifuani. Moyo wake ulikuwa unagonga kiganja changu kama unataka kutoka uje kuniuliza kitu.

"Umemeza vingapi?"

"Kimoja, Bibi. Kimoja tu, naapa kwa kaburi la baba. Nilienda kwa walinzi. Kimoja tu nipate kumaliza."

Kumaliza nini, na kazi ilikuwa imekwisha?

Majirani walisaidia. Tulimbeba kwenye kiti, mchana kweupe, mvua inatupiga, mtaa mzima umesimama milangoni. Hospitali wakamchoma sindano. Daktari akaniuliza vingapi, nikasema kimoja. Akanitazama kama ninamficha. Nikamwambia, "Baba, zamani alikuwa anameza konzi nzima na anashona mstari ulionyooka. Mimi mwenyewe ndiyo sielewi."

Desemba 11

Nesi wa viatu vya mpira amekuja wodini. Mke mwenzangu amelala, ana dripu, midomo imepasuka. Moyo umerudi kwenye mwendo wa watu.

Nikamuuliza nesi, "Kidonge kimoja. Amekaa miezi bila. Si ndiyo mwili unaanza upya?"

"Ungefikiri hivyo, Bibi. Kila mtu anafikiri hivyo, ndiyo maana wengi wanafia hapo. Kwa kitu hiki baadhi ya sehemu za ubongo hazianzi upya. Zinangoja. Yale mapito yaliyopitwa sana yanabaki mapana, na kikija kidogo tu, jibu linakuwa kubwa kuliko la zamani. Woga, kuona visivyokuwepo, moyo kwenda mbio. Si kosa la tabia yake. Ni alama iliyobaki."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Kama tundu la kifungo. Likitanuka, kifungo kinaingia chenyewe hata usipokisukuma. Na halirudi kuwa dogo."

"Linaweza kukazwa," akasema. "Kwa sindano nyingi na muda mrefu."

"Ninajua linavyokazwa. Mimi ni mtu wa kazi hiyo. Halikazwi shati likiwa mwilini."

Akaniangalia. Mimi nikaitazama dripu. Sijui ni yeye alielewa kwanza au ni mimi, kwamba mwili wenyewe ni nyumba yetu.

Shule wamekuja kutafuta sketi. Fundi wa kona amewaambia kuna msiba.

Desemba 14, Jumapili

Nimewahi wodini na chupa ya chai. Nilimwona kutoka mlangoni kabla hajaniona. Alikuwa amekaa kitandani anapiga soga na mgonjwa wa jirani, mama mmoja aliyevunjika nyonga, wanasengenya mpishi wa hospitali. Mikono imetulia juu ya shuka. Uso wake, uso ule wa zamani, wa kabla ya misimu yote.

Nikakohoa. Huwa nakohoa nikiingia mahali, ni tabia yangu, mtu ajue ninakuja.

Nikaona kwa macho yangu. Kikohozi kilitangulia, na mikono ikaanza. Nikafungua chupa, harufu ya tangawizi ikatoka, na jasho likamsimama juu ya mdomo. Hakuna cherehani pale. Hakuna muuza nyuzi. Kuna kitanda cha chuma na ukuta mweupe, na mimi.

Nikafunga chupa.

"Tangu lini umejua?" nikamuuliza.

Akaanza kulia. "Bibi, usifikiri vibaya."

"Sijakuuliza nifikiri nini. Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu siku niliyorudi. Nilikuwa nakimeza na chai yako. Kila jioni. Ukikohoa kule jikoni nakitoa ndani ya bobini ya uzi, ukigonga kisahani nakiweka ulimini, ukisema tuivishe dunia nakimeza. Miaka yote. Sasa nikikusikia tu..." Akashindwa. Akajifuta kwa shuka. "Nakupenda, Bibi. Wewe na kidonge mnakuja pamoja. Siwezi kuwatenganisha."

Mama wa nyonga aligeukia ukutani, ana adabu zake.

Nilitaka kusema neno la kuchekesha. Sikulipata. Nimekula chumvi nyingi, nimezika mume na mwana, nimegombana na wakubwa wa mtaa na kushinda, na hakuna siku niliyowahi kuwa ugonjwa wa mtu. Nilimpa mama wa nyonga ile chai. Nikasimama mbali, mlangoni, nikamwambia mke mwenzangu kwa mkono tu kwamba natoka. Sikukohoa.

Desemba 15

Nimemuuliza nesi, nikibadilisha majani ya chai? Nikiacha tangawizi? Nikihamisha sauti yangu nikawa naongea kama mke wa pasta?

Hakucheka. Akasema kuna siku kichwa chake kitaweza kujifunza upya kwamba mimi ni mimi tu, bila kidonge nyuma yangu. Lakini hufanyika kidogo kidogo, na mtu wa kumsimamia, na si katika nyumba ileile, na si akiwa bado mbichi hivi. Nikamuuliza lini. "Huenda mwaka. Huenda zaidi. Sitakudanganya, Bibi."

Angedanganya kidogo tu, nisingemshtaki.

"Ana mahali ambapo hakuwahi kumeza?" akaniuliza. "Watu ambao hawakuwepo wakati ule?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Nilikaa nalo mdomoni kama mfupa wa samaki.

Desemba 16

Nimempigia mkwe wangu. Nilisema, "Njoo umchukue mtoto wako." Nilidhani atashangilia. Akauliza tu, "Kesho asubuhi au leo hii?"

Desemba 17, Jumatano

Amekuja na gari la kubebea mayai, limejaa matope. Amezeeka. Ana mikono ya mtu anayefanya kazi, sikuwahi kuiangalia. Nilimpokea mlangoni, sikumwambia karibu wala sikumwambia usiingie.

Akasema, "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye mkeka, juu ya alama za cherehani, hajui. Nilimweleza kila kitu kama nilivyoelezwa, vipokezi na dalili, na kwa nini asimpe hata kahawa nzito, na akiona mikono inatetemeka atazame kuna nini karibu kabla ya kumlaumu. Alisikiliza vizuri. Aliuliza maswali ya maana kuliko yangu. Hilo nalo liliniuma.

Mwishowe nikamwambia lililonikaa, maana mimi si mtu wa kulala na neno. "Ulimwacha huyu mtoto kwangu ukaenda kwa mwanamume."

Hakushtuka. "Mama, ulimshika mkono ukaniambia mtoto wa mwanangu hatoki nyumba hii. Ukasimama mlangoni na futi ya mbao."

Nilikuwa tayari kubisha. Lakini nilikumbuka mlango, na nilikumbuka futi.

"Nilikuwa na msiba," nikamwambia.

"Na mimi nilikuwa nao," akasema. Basi. Hatukukumbatiana, huu si mchezo wa redio. Lakini nilimtolea shuka za mtoto, na yeye akazikunja, na mkunjo wake umenyooka. Nimemchukia mwanamke huyu bure, au si bure, ila kwa kupitiliza.

Amemchukua wodini moja kwa moja. Mimi sikwenda kuaga. Nilikubaliana na nesi. Nilikaa kwa fundi wa kona, nikishona upya sketi zilizofumuliwa, mpaka nikasikia honi ya gari la mayai likipita barabara kuu. Huenda lilikuwa gari jingine. Nilisimama hata hivyo.

Desemba 19

Hakuna wa kuandikiwa kama amekula. Nesi amesema nikipenda niendelee.

Nimekula. Sijalala.

Desemba 27

Sketi. Vifungo. Sketi.

Nimekunywa maji ya moto.

Januari 5, Jumatatu

Shule zimefunguliwa. Wamepita barabarani asubuhi, kijani kitupu, wanaruka madimbwi. Kila pindo nalijua. Wawili walinisalimia. Mmoja alikuwa na lile jina refu kwenye mfuko, nimelitarizi upya mwenyewe, na limetosha. Hakuna wa kumwambia.

Tabasamu amerudi mtaani. Ana viatu vipya. Nimemwona ameinama dirishani kwa binti anayeshona mashuka ya hoteli, yule anayefanya kazi mpaka macho mekundu. Nimevuka barabara, nimekaa kwa yule binti mchana mzima, nimemweleza yote. Amenisikiliza kwa heshima huku mguu wake unatikisika chini ya meza. Nitarudi kesho. Akinichoka, anichoke.

Januari 11, Jumapili

Mkwe ameahidi kila Jumapili atapiga, na simu ataiacha wazi mfukoni mwa aproni bila mtoto kujua, ili nisikie tu. Leo ndiyo ya kwanza. Nilikaa kitandani, nimefunga mlango, nimejifunika khanga kichwani kama mwizi.

Mwanzo kuku tu. Halafu nikamsikia.

"Mama! Waya umeukata mfupi! Hili ni banda la kuku au kikapu? Nani alikufundisha kupima?"

"Nimepima kwa jicho."

"Kwa jicho! Jicho gani, hilo linaloona chumvi likadhani sukari? Leta hapa. Shika huku. Si huko, huku! Mtu mzima anapima kwa jicho!"

Sauti imejaa. Haitetemeki popote. Ilikuwa na hasira tamu, ile ya mtu anayejali kitu.

Mkwe akacheka. "Mdomo huo umeurithi kwa bibi yako."

Niliibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Nikasikia nyundo ikigonga, mara mbili, tatu, kisha ikasimama.

"Bibi angekuwepo hapa," mke mwenzangu akasema, "ungeupima huu waya mara kumi na ungeomba msamaha."

Nilikuwa na la kujibu. Haki ya Mungu nilikuwa nalo, zuri, limenifika kwenye meno, na kifua nacho kikaanza kuwasha kikohozi. Nikauma khanga. Nikakata simu.